Foto ya ndege wa Tshangalele na macho ya watu wengi

Wandugu watumikaji, wamama wa nyumbani na vijana mnaosoma ukurasa huu, leo sitasema juu ya mshahara wala juu ya kontra. Nitasema juu ya foto ya ndege. Msicheke mbele ya kumaliza kusoma. Foto hiyo ilianza vibaya, watu wakaisema, mwenyewe akarudi kuipiga mara tatu, na leo ni foto ambayo mtu akiiona anasimama. Njia iliyopitia inatufundisha jambo ambalo katika mine linaokoa vidole, mikono na hata maisha: namna ya kuangalia kitu vizuri, na namna ya kumwambia mwenzako ukweli juu ya kazi yake bila kumvunja moyo.

Mwenye foto ni fundi wa umeme, kamarade wetu wa Likasi. Hataki jina lake liandikwe, maana anasema atasumbuliwa na kila mwenye ndoa anayetafuta mpiga foto wa bure. Alinunua apareyi ya mtumba pamoja na lensi ndefu ya milimita 300, na siku zake za mapumziko anazipitisha kwenye ziwa Tshangalele, pamoja na wavuvi.

Ziwa lililozaliwa na mine

Watoto wetu wengi wanafikiri Tshangalele ni ziwa la tangu dunia kuumbwa. Hapana. Ni ziwa la kazi yetu. Lilijaa kisha kujengwa kizuizi cha maji cha Mwadingusha juu ya mto Lufira, na usine ya umeme ya pale ilianza mwaka 1930, ili mashine za shaba zipate nguvu. Mabonde ya majani yakafunikwa na maji, matete yakaota, samaki wakazaa, na ndege wakakuja kwa wingi. Mwaka 1982 UNESCO iliandika Lufira kati ya hifadhi zake za biosfera, na mwaka 2017 bonde la Lufira likaingia katika orodha ya Ramsar, ile orodha ya dunia ya sehemu za maji zenye maana kubwa kwa ndege na kwa watu.

Kwa hiyo mtu wa mine akienda kupiga foto kwenye ziwa lile, haendi kwa wageni. Ule umeme uliowasha taa za babu zake ndio uliowapa ndege hawa nyumba.

Ndege anayechimba

Ndege wa foto yetu ni mdiria wa madoa meusi na meupe. Wenye Kifaransa wanamwita martin-pêcheur pie. Mnamjua wote. Urefu wake ni sentimita 25 hivi, mdomo mrefu mweusi, nywele za kichwa zimesimama sawa mtu aliyeamka sasa hivi. Anasimama hewani juu ya maji akipiga mabawa haraka haraka, kichwa hakitikisiki, kiisha anaanguka sawa jiwe na kutoka na samaki.

Mambo matatu juu yake yafaa kujulikana, maana bila hayo hamtaelewa maneno ambayo watu walisema juu ya foto.

La kwanza: mume na mke wanatofautiana kifuani. Mume ana mikanda miwili myeusi. Mke ana mkanda mmoja tu, na mara nyingi umekatika katikati.

La pili: wakati wa kuoana, mume anamletea mke samaki. Na hapa kuna alama nzuri sana. Mdiria akitaka kumeza samaki mwenyewe, anamgeuza ili kichwa cha samaki kielekee koo lake, kwa sababu mapezi na magamba yamelala kuelekea mkia, na samaki akiingia kwa kichwa hapandishi miiba. Lakini akimpelekea mwingine, anamshika kichwa kikielekea nje, ili mwenye kupokea ammeze vizuri. Ukiona kichwa cha samaki kimetoka mbele ya mdomo, ujue huyo ndege hali, anapeleka zawadi.

La tatu litawafurahisha wachimbaji. Nyumba ya mdiria ni shimo. Mume na mke wanachimba pamoja, kwa mdomo na kwa miguu, ndani ya ukingo wa udongo uliosimama wima karibu na maji. Galeri yao inaingia ndani mita moja, hata mbili, na mwisho wake kuna chumba cha mayai. Hawana kofia wala taa, lakini ni wachimbaji kweli kweli.

Foto ya kwanza

Ilikuwa mwezi wa nane, wakati maji yameshuka. Kamarade alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi, saa sita ya mchana. Juu ya mti mkavu uliosimama majini akaona mume anamkabidhi mke samaki. Akapiga. Aliporudi mugini alikuwa na furaha sana, akaituma foto kwenye telefone za watu wa ekipe, na jumamosi akaileta kwenye kompyuta ya sendika ili tuione kwa ukubwa.

Majibu ya kwanza yalikuwa sawa tunavyozoea. Mmoja akasema: "Muzuri sana, bravo!" Mwingine akasema: "Mbona mi naona tu kitu nyeusi na nyeupe?" Wa tatu akauliza kama ndege hao wanaliwa.

Angalieni majibu hayo. Yule wa bravo alikuwa na roho nzuri, lakini neno lake halikumsaidia kamarade hata kidogo, maana halikumwambia ni nini kizuri ili akirudie. Yule wa pili alionekana mkali, lakini ndiye aliyesema jambo la kweli, isipokuwa alilitupa sawa jiwe. Kamarade akakunja uso. Hapo ndipo mzee mmoja, delege wa zamani aliyezoea mikutano mirefu, akasema tufanye kama tunavyofanya tukichunguza aksidenti: kila mtu aseme kwanza anachoona, si anachofikiri. Na mwenye foto anyamaze mpaka wote wamalize.

Tukafanya hivyo. Haya ndiyo yaliyoonekana.

Maji yameinama. Ukingo wa ng'ambo, ambao ungepaswa kulala sawa, ulikuwa umeshuka upande wa kuume, hata mtu alidhani ziwa linamwagika.

Weupe umeungua. Shingo ya mume ilikuwa nyeupe tupu sawa karatasi, hakuna hata unyoya mmoja uliojitenga. Ndege mwenye rangi nyeusi na nyeupe ni mtihani mgumu kwa apareyi yoyote: ukipima mwanga wa weusi, weupe unaungua; ukipima wa weupe, weusi unakuwa shimo. Na jua la saa sita linazidisha.

Macho hayaonekani. Jicho la mdiria ni jeusi na limekaa ndani ya mstari mweusi. Likikosa nukta ndogo ya mwanga ndani yake, linapotea. Ndege asiye na jicho kwenye foto ni sawa ndege aliyekufa.

Tete moja limepita nyuma ya kichwa cha mke, na kwa macho ya haraka ni kama limeota kichwani mwake.

Samaki ni ukungu. Apareyi ilifunguka kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde. Kwa lensi ya milimita 300 mkono wenyewe unatikisa, na ndege naye anatikisa kichwa. Kwa hiyo zawadi yenyewe, ambayo ndiyo habari ya foto, haikusomeka.

Mume ni wazi, mke si wazi. Yeye alikaa kwenye tawi la nyuma kidogo, na lensi ilikamata mstari wa mume peke yake.

Mwishoni kabisa, kijana mmoja akaonyesha pembeni upande wa kushoto: kulikuwa na nusu ya ndege wa tatu, mkia na bawa moja tu. "Huyu iko anaharibu foto," akasema, "mumukate."

Mke wa fundi anasema

Jioni ile foto ikafika nyumbani, na mke wa kamarade akauliza swali ambalo sisi wanaume wote wa ofisini hatukuuliza: "Sasa mwanamuke ni nani hapa?"

Kamarade akaanza kueleza mambo ya mikanda ya kifua. Mke akamkatiza: "Papa, wewe unajua juu ulikuwa pale. Mi sikukuwa. Nionyeshe mukanda." Na mikanda haikuonekana, maana mume alikuwa amegeuza mgongo.

Katika maneno yote yaliyosemwa juu ya foto ile, naona hili ndilo lililokuwa na uzito zaidi. Wenye kujua apareyi walisema juu ya mwanga na mwendo. Mama huyu hajui apareyi, lakini alisema juu ya habari yenyewe: foto inasema hawa ni mume na mke, lakini haionyeshi ushahidi. Mpiga foto ana hatari moja kubwa: anabeba kichwani mambo aliyoyaona, anadhani yameingia kwenye foto. Baridi ya asubuhi, sauti ya ndege, saa nne za kungoja, vyote viko kichwani mwake tu. Anayeangalia anapata tu kile kilichoingia ndani ya pembe nne. Wazee walisema kinyozi hajinyoi. Hakuna anayeweza kuona foto yake kwa macho ya mtu ambaye hakuwapo.

Ya mezani na ya ziwani

Kisha kusikia yote, kamarade aligawa maneno hayo mafungu mawili: yale yanayotengenezwa mezani, na yale yanayodai kurudi ziwani.

Mezani aliweza kunyoosha maji yaliyoinama. Aliweza kupandisha mwanga kidogo sehemu za giza. Aliweza kukata maji matupu ili ndege wakaribie. Lakini kukata nako kuna bei yake. Apareyi yake inatoa foto ya megapikseli 24. Ukikata nusu ya upana na nusu ya urefu, hubaki na 12 kama wengi wanavyodhani, unabaki na 6, maana umeondoa robo tatu ya foto. Na ili kuchapa karatasi ya A4 kwa usafi wa kitabu inatakiwa karibu megapikseli 9. Kwa hiyo ukikata sana, foto ya kutundika ukutani inageuka foto ya telefone.

Weupe ulioungua haurudishwi. Mahali ambapo apareyi haikuandika kitu, kompyuta haina cha kusoma. Ukungu wa samaki hauponi. Mgongo haugeuki kuwa kifua. Hayo yote ni ya ziwani.

Kijana wa kompyuta akatoa shauri lingine: kufuta lile tete kwa programu, na kuchukua samaki safi kutoka foto nyingine na kumbandika mdomoni. Ni kazi ya dakika tano, akasema, hakuna atakayejua. Hapo mabishano yalikuwa makali. Wengine waliona ni sawa, maana foto ni ya kupendeza tu. Wengi wakakataa, na mimi nilikuwa kati yao.

Sababu ni hii. Foto ya mnyama wa porini inaahidi jambo moja kwa anayeiangalia: hili lilitokea. Katika mashindano makubwa ya London yanayoitwa Wildlife Photographer of the Year, yanayosimamiwa na makumbusho ya Natural History Museum, foto iliyoshinda mwaka 2009, ya mbwa mwitu anayeruka juu ya kizuizi cha mbao, iliondolewa kisha waamuzi kuona kwamba mbwa mwitu huyo karibu kwa hakika alikuwa wa kufugwa na kufundishwa. Na mwaka 2018 wakaondoa nyingine, ya mnyama wa Brazil anayekula mchwa, ambayo ilikuwa imeshinda katika kundi lake mwaka 2017: wajuzi walilinganisha na wakaona ni mnyama yule yule aliyekaushwa na kujazwa, anayewekwa kwenye mlango wa hifadhi. Foto zote mbili zilikuwa nzuri sana kwa macho. Zilianguka kwa sababu zilivunja ahadi.

Tukakubaliana: kunyoosha, kukata na kusawazisha mwanga ni ruhusa. Kuongeza au kuondoa kitu kilichokuwapo, hapana. Kama tete linasumbua, mpiga foto asogee yeye. Hatua moja kushoto, na tete linatoka nyuma ya kichwa.

Mzee mvuvi na ndege wa tatu

Kamarade akarudi Tshangalele. Safari hii alichukua foto iliyochapwa, akamwonyesha mzee mvuvi ambaye huwa anampa nafasi ndani ya mtumbwi. Mzee hakuangalia weupe wala macho. Akaweka kidole pembeni, juu ya ile nusu ya ndege ambayo kijana wetu alitaka ikatwe.

"Juu ya nini huyu ulimukata? Huyu iko wa ile nyumba. Kila asubuhi naye analeta samaki."

Kamarade alidhani mzee anatania. Alipotafuta kusoma, akakuta kwamba mzee alisema jambo ambalo wenye elimu walilithibitisha kwa kazi ya miaka. Mtaalamu Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza mdiria hawa nchini Kenya, kwenye ziwa Victoria na ziwa Naivasha, na maandiko yake yalianza kutoka mwaka 1980. Aliona kwamba mume na mke mara nyingi wana wasaidizi. Wa kwanza ni watoto wao wa kiume waliozaliwa zamani kidogo, ambao hawajapata mke: wanabaki nyumbani, wanamlisha mama, wanalisha wadogo zao na wanafukuza adui. Kuna na wasaidizi wa aina ya pili, ambao si wa ukoo. Hao mwanzoni wanafukuzwa, lakini watoto wakiisha kutoka mayaini na chakula kikiwa kigumu kupata, wanapokelewa. Kwenye ziwa Victoria, mahali kuvua kulikuwa kugumu zaidi, wenye nyumba waliwapokea wageni hao zaidi kuliko Naivasha.

Siwezi kuapa kwamba ndege wa tatu wa Tshangalele alikuwa mtoto wa nyumba ile. Lakini mzee aliwaona siku nyingi, na tangu siku ile foto ikabadilika maana. Kitu tulichokiita uchafu wa pembeni kinaweza kuwa nusu ya habari. Sisi wa sendika, tunaosema kila siku kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, ndio tuliotaka kumkata msaidizi nje ya foto!

Hapa kuna somo kwa anayepokea maneno ya watu. Asipokee yote sawa sawa. Mtu anaweza kuona vizuri na kushauri vibaya. Kijana wetu aliona kweli: ndege aliyekatwa nusu anavuta jicho na kusumbua. Lakini dawa aliyoitoa haikuwa ile ya pekee. Kuna kumwondoa kabisa, na kuna kumwingiza kabisa. Anayesikiliza achukue ugonjwa uliotajwa, kiisha atafute dawa mwenyewe.

Foto ya sasa

Alirudi mara tatu. Aliacha saa sita ya mchana, akaenda saa kumi na mbili ya asubuhi, wakati jua liko chini na linagonga kifua cha ndege kutoka nyuma ya mpiga foto. Mwanga huo ndio ulioweka ile nukta ndani ya jicho. Aliacha kusimama mtumbwini, akaketi chini kati ya majani ya ukingoni, ili lensi iwe karibu sawa na urefu wa maji. Ndege akapata ukubwa wake, naye hakuonekana tena sawa kuku anayeangaliwa kutoka juu ya ukuta. Alipandisha mwendo wa apareyi hadi sehemu moja ya 1600 ya sekunde. Alifunga kidogo tundu la lensi, kutoka f/5,6 hadi f/8, ili mume na mke wote wawe wazi. Na alipunguza mwanga theluthi mbili za daraja, ili weupe usiungue. Giza kidogo linatengenezwa mezani, kuungua hapana.

Kiisha akangoja. Asubuhi mbili hakupata kitu. Ya tatu, mume akaja, akasimama upande wa mke, vifua vyote viwili vikielekea jua. Leo mtu yeyote anahesabu: mikanda miwili huku, mmoja uliokatika kule. Samaki yuko kati ya midomo miwili, kichwa kimeelekea kwa mke, hata jicho la samaki linaonekana. Na kushoto, juu ya tawi la chini, mwili mzima, ndege wa tatu ametulia na samaki wake mdomoni. Hayuko wazi sana, lakini anasomeka.

Je, wote wamekubali? Hapana. Kijana wa kompyuta bado anasema ndege wawili peke yao wanapendeza zaidi. Kamarade amechapa zote mbili, moja ya wawili na moja ya watatu. Mke wake ametundika nyumbani ile ya watatu.

Jambo moja la kuongeza kwa wale watakaotaka kujaribu: hakukaribia shimo la ndege hata siku moja. Ukisimama mbele ya mlango, wazazi wanabaki na samaki mdomoni nje, na watoto wanakaa na njaa ndani. Na ukingo ule ule ndio watu wanauchimba kwa kutafuta udongo wa matofali. Kama mnachimba pale, angalieni kwanza kama kuna matundu ya mviringo yanayotumika, na subirini watoto watoke.

Na foto zetu za kazi?

Sasa nakuja kwetu. Ndani ya mwaka huu, kwenye kampani moja ambayo jina lake naliacha, wandugu walileta malalamiko juu ya mkanda wa kubebea mawe uliokosa kinga kwenye magurudumu yake. Walileta foto ya telefone. Kwenye kikao cha usalama, mkubwa mmoja akaiangalia, akauliza: "Hii ni wapi? Ni ya lini? Kinga inakosa upande gani?" Foto haikujibu. Ilikuwa nyeusi, imepigwa kutoka mbali, na nusu yake ni mgongo wa mtu. Wandugu waliopiga walijua kila kitu, maana walikuwapo. Ni lile neno la mama: "Nionyeshe mukanda." Kikao kikaahirishwa, na watu wakaendelea kupita pembeni ya magurudumu yale.

Mara ya pili foto zilipita kwanza mbele ya macho ya wengine: fundi, mama wa ofisi ya sendika, kijana ambaye hajawahi kuingia usine. Kila mmoja aliulizwa swali moja: unaona nini? Wakarudi na foto tatu. Ya kwanza ya mbali, inayoonyesha mahali pote na namba ya mashine. Ya pili ya katikati, inayoonyesha mtu anapopita. Ya tatu ya karibu, na mita imewekwa chini, nje ya mstari wa hatari, ili ukubwa wa nafasi ujulikane. Tarehe na saa ziliandikwa. Safari hii hakuna aliyeuliza ni wapi, na kinga ikawekwa.

Kwa hiyo nawaomba, kwa foto ya kazi, shikeni haya. Ombeni ruhusa kupitia delege, maana sehemu nyingi zinakataza telefone. Msisogelee hatari kwa ajili ya foto. Hakuna foto inayofaa mkono wa mtu. Msifute kitu, msiongeze kitu, na foto ya asili msiipoteze hata kama mmekata nakala yake, maana siku mkigundulika mmebandika hata waya mmoja, malalamiko yenu yote yatatupwa. Na mbele ya kuipeleka kwa wakubwa, muonyesheni mtu ambaye hakuwapo.

Kwa anayeulizwa, asijibu "muzuri" wala "mubaya". Aseme: hapa, upande huu, naona hiki, hapa sioni kitu. Amuulize mwenzake alitaka kuonyesha nini. Atenganishe linalotengenezwa mezani na linalodai kurudi. Kwa anayepokea, anyamaze kwanza, aandike, aseme asante, kiisha achague.

Kamarade wetu amekubali kuja na apareyi yake kila jumamosi ya kwanza ya mwezi kwenye ofisi yetu ya Likasi, saa tisa, kisha ekipe ya asubuhi kutoka. Leteni foto zenu: za ndege, za ndoa, za mashine zenye kasoro. Wamama na watoto waje nao. Tutaziangalia moja moja, na mwenye foto atanyamaza mpaka wote wamalize.